SOMO LA ROBO HII: BAISKELI KWA WIKI, KIASI GANI KINATOSHA?

Somo la robo hii linahusu baiskeli. Ununuzi wake na matengenezo yake tumekwishayaandika mara nyingi. Safari hii tunamzungumzia yule anayekaa juu yake. Fomu zetu huuliza baiskeli ngapi zimefika, zimetembea kilomita ngapi, na nyumba ngapi zimetembelewa. Haziulizi anayeendesha anaweza kuendesha kiasi gani kwa wiki bila mwili wake kushindwa kujirudishia nguvu.

Swali hili linawahusu wainjilisti na wahudumu wa kujitolea wanaotumia baiskeli kwa kazi. Linawahusu pia wale waliojiunga na baiskeli kwa ushauri wa daktari, kwa sababu ya presha au sukari (mimi ni mmoja wao), na vijana wanaojiandaa kwa safari ndefu za hisani. Kanuni ni ile ile kwa wote. Tofauti ni kwamba kijana wa safari ya hisani akichoka anaweza kuahirisha, wakati mhudumu ana mgonjwa anayemsubiri.

Nianze na kosa langu

Miaka michache iliyopita tulipata baiskeli kwa ajili ya wahudumu wanaotembelea wagonjwa na wazee majumbani katika vijiji vinavyozunguka mji. Ratiba niliitengeneza mwenyewe, mezani, nikiwa na ramani na rula. Mmoja wa wahudumu, mama wa miaka thelathini na kitu, nilimpangia safari mbili kwa wiki, kila moja kilomita 24 kwenda na kurudi. Alizifanya bila shida kuanzia Mei hadi Septemba. Mwezi Oktoba wenzake wawili waliacha, mmoja kwa kuolewa na mwingine kwa kuhamia Dodoma, nami nikazigawa nyumba zao. Yeye akawa na safari tano. Nilihesabu: kutoka kilomita 48 hadi 120 kwa wiki. Nikajiambia kuwa hiyo si kitu, kwani wauza mkaa wanaotuletea magunia mjini hufanya zaidi ya hapo.

Baada ya wiki tano au sita taarifa zake zilianza kuchelewa. Kisha akalalamikia magoti. Kisha usingizi: alikuwa amechoka siku nzima lakini usiku hakulala. Mafua yakawa hayamwachi. Alipima malaria mara tatu na hakukutwa nayo. Safari iliyokuwa ikimchukua saa mbili ikawa inamchukua saa mbili na nusu, halafu tatu. Katika kikao cha kamati mzee mmoja alisema wazi kuwa mama huyu amekuwa mvivu, na kwamba baiskeli apewe mtu mwingine. Sikumpinga. Jambo hilo linanisumbua mpaka leo kuliko ile hesabu yenyewe.

Wiki iliyofuata alikuja ofisini akiikokota baiskeli, barabara ikiwa kavu na magurudumu yote yana upepo. Nilimuuliza kama imeharibika.

“Hapana, Mratibu. Baiskeli haina shida. Miguu ndiyo imekataa.”

Mwili hauhesabu kilomita

Mazoezi hayamjengi mtu akiwa barabarani. Akiwa barabarani anajichosha: misuli inapata michubuko midogo midogo isiyoonekana na akiba ya nguvu inapungua. Ujenzi hufanyika baadaye, wakati wa kula na kulala. Mzigo wa kesho ukija kabla ujenzi wa jana haujaisha, deni linaanza. Siku moja au mbili za deni si tatizo, na wanariadha hulitafuta kwa makusudi ili baada ya mapumziko wapande juu zaidi. Deni la wiki nyingi ndilo linaloleta ule uchovu ambao usingizi wa usiku mmoja hauuondoi, na ambao ukifikia mwisho wake huchukua miezi kupona.

Makosa yangu yalikuwa kupima mzigo kwa rula. Anayeishi Singida anajua kwamba kilomita 24 za mwezi Mei na kilomita 24 za mwezi Oktoba ni safari mbili tofauti. Wakati wa kiangazi upepo wetu, ambao mara nyingi hutoka mashariki, ni mkali kiasi kwamba wataalamu wa umeme wa upepo wamekuja kuupima. Tuseme unaendesha kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa na upepo unakuja usoni kwa mwendo huo huo. Hewa inakukuta kama vile unakwenda 30, na nguvu yake ya kukurudisha nyuma haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Ongeza mchanga wa njia za vijijini, jua la saa saba, na uzito wa baiskeli zetu za chuma. Tena kwa ukarimu wa watu wa Singida, mhudumu haondoki nyumba ya mtu mikono mitupu. Atapewa kuku, au chupa ya mafuta ya alizeti, au viazi vitamu nusu ndoo, na keria litarudi zito kuliko lilivyokwenda. Ratiba yangu haikuwa na safu ya kuku.

Ipo njia rahisi ya kupima mzigo halisi, na haihitaji kifaa chochote isipokuwa saa na daftari. Msingi wake uliwekwa na Gunnar Borg wa Sweden, aliyeonyesha kwamba mtu mwenyewe anaweza kukadiria kwa namba jinsi kazi ilivyo nzito kwake, na makadirio yake yakaendana vizuri na mapigo ya moyo. Baadaye Carl Foster wa Marekani na wenzake wakairahisisha kwa matumizi ya makocha. Nusu saa baada ya kumaliza, mtu ajiulize safari nzima ilikuwa ngumu kiasi gani, kuanzia 0 (kupumzika) hadi 10 (mwisho wa uwezo). Namba hiyo aizidishe kwa dakika alizotumia. Mbili au tatu ni mwendo wa kuongea na mwenzako bila kukatisha sentensi. Tano ni pale unapoongea maneno machache machache. Saba na kuendelea huongei.

Hebu turudi kwa yule mama. Tulikaa naye tukakumbuka pamoja. Kabla ya Oktoba alikuwa na safari mbili, kila moja dakika 120, ugumu 3. Jumla ya wiki ni 720. Novemba zilikuwa safari tano, kila moja dakika 150 kwa sababu ya upepo, ugumu 5. Jumla ni 3,750. Kilomita zilikuwa zimeongezeka mara mbili na nusu, lakini mzigo wa mwili ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara tano. Desemba mvua zikaanza naye akaingia shambani asubuhi tatu kwa wiki, saa tatu kila asubuhi, na jembe alilipa ugumu wa 6. Hapo ni 3,240 nyingine. Foster alipobuni kipimo chake hakuwa akifikiria jembe, lakini mwili hautofautishi. Jumla ya wiki ikawa 6,990. Nilipoiona namba hiyo katika daftari nilinyamaza.

Tahadhari moja: namba hizi hazilinganishi mtu na mtu. Mzigo wa 2,000 unaweza kuwa mwepesi kwa mwinjilisti aliyeendesha baiskeli miaka kumi na ukamwangusha karani aliyeanza juzi. Linganisha wiki ya mtu na wiki zake mwenyewe zilizopita.

Basi ni kiasi gani?

Kwa anayeendesha kwa ajili ya afya, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au nusu ya hizo kama mazoezi ni makali. Nusu saa kwa siku tano inatosha kuingia humo. Asiyezoea aanze na siku tatu, nusu saa kila siku, ugumu usizidi 4, na kati ya siku hizo aache nafasi. Mimi nilipoambiwa nina presha nilianza kwa saa moja kila siku kuzunguka upande wa Ziwa Singidani, siku sita mfululizo, nikitaka kumshangaza daktari. Siku ya saba sikuweza kushuka ngazi za ofisi. Wakristo wenzangu walidhani nimeanguka.

Kwa anayetaka kuongeza, aongeze kidogo na kwa subira. Watu hutaja sana asilimia kumi kwa wiki. Hiyo siyo sheria ya maumbile, ni kadirio tu, lakini kwa kamati inayopanga ratiba ni kadirio zuri kwa sababu linamzuia mtu kama mimi asiruke kutoka safari mbili hadi tano kwa kalamu. Baada ya wiki tatu za kuongeza, wiki ya nne ipunguzwe kwa theluthi moja au hata nusu. Kijana mwenye afya anayejiandaa kwa safari ya kilomita 100 anaweza kwa miezi kadhaa kufika saa sita hadi nane kwa wiki, na hahitaji zaidi ya hapo ili aimalize vizuri.

Lililo muhimu kuliko jumla ni mgawanyo wake. Stephen Seiler, Mmarekani aliyefanya utafiti wake Norway, alipochunguza mazoezi ya wanamichezo wa masafa marefu alikuta kwamba karibu mazoezi manne kati ya matano huwa mepesi kweli kweli. Sisi wengine hufanya kinyume: kila siku tunakwenda kwa ugumu wa kati, si mwepesi wa kutupumzisha wala si mkali wa kutujenga. Kwa hiyo siku ngumu ziwe mbili kwa wiki, zisifuatane. Njia ndefu yenye upepo na mchanga ihesabiwe kuwa siku ngumu hata kama mhudumu hakushindana na mtu.

Atakayesema kwamba mapumziko ni uvivu aangalie mashindano ya Ufaransa, Tour de France. Yana hatua 21, na waandaaji huweka siku mbili za kupumzika katikati, kwa watu ambao ni bora kuliko wote duniani. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika Afrika, katika mwinuko usiotofautiana sana na huu wetu. Siku ya mwisho wanaume waliendesha kilomita 267.5 katika vilima vile, na zaidi ya nusu yao waliishia njiani. Hao wana kocha, daktari na mpishi, na hakuna aliyefika nyumbani jioni akakuta palizi inamsubiri.

Dalili, na kwa nini zahanati ni kwanza

Kamati isisubiri mtu aseme “nimechoka”, maana wahudumu wetu wengi hawasemi. Mwangalieni anayechukua muda mrefu kuliko kawaida katika njia ile ile, anayekosa usingizi ilhali amechoka, anayekasirika kwa jambo dogo, anayepoteza hamu ya kula, anayepata mafua yasiyokwisha. Kwa mwanamke, siku zake kukatika bila kuwa mjamzito ni dalili nzito kwamba chakula hakitoshi kwa kazi anayofanya, na ni vema akina mama katika kamati waulize wao. Kila mhudumu anaweza pia kujipima mapigo asubuhi kabla hajainuka kitandani, kwa dakika nzima, na kuyaandika. Akikuta yamepanda kwa saba au zaidi juu ya kawaida yake, asubuhi tatu mfululizo, asiendeshe mpaka ijulikane sababu.

Nasema mpaka ijulikane sababu kwa makusudi. Vyama vya wataalamu wa sayansi na tiba ya michezo wa Ulaya na Marekani walipotoa tamko lao la pamoja mwaka 2013 walikiri kwamba hakuna kipimo kimoja cha kuonyesha kuwa mtu amezidisha mazoezi. Hufikiwa baada ya kuondoa magonjwa mengine. Kwetu orodha hiyo ni ndefu: malaria, upungufu wa damu, kifua kikuu, sukari, VVU, ujauzito, kichocho. Kwa hiyo mtu asiambiwe “pumzika tu” kabla hajapimwa, wala asiambiwe “huna malaria, rudi kazini”. Hilo la pili ndilo tulilomfanyia yule mama mara tatu.

Mfano unaojulikana ni wa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundishwa ujanani na Mkenya David Kinjah. Alipokwisha kuwa mwendeshaji wa kulipwa huko Ulaya alikuwa leo anapanda milima na walio bora, kesho hana nguvu, na hakuna aliyeelewa. Mwaka 2010 alipimwa akakutwa na kichocho. Dawa yake ni prazikwanteli, vile vile vidonge ambavyo watoto wetu hupewa shuleni katika kampeni za kichocho. Mwaka 2013 alishinda Tour de France, kisha 2015, 2016 na 2017. Sisemi kwamba vidonge ndivyo vilivyompa ushindi. Ila makocha wangeweza kuendelea kumwongezea mazoezi, au kumpunguzia, na wasingegusa tatizo. Wahudumu wetu wanaovuka mabwawa na mifereji kwa miguu wakati wa masika waombe kipimo hicho.

Yule mama alipopelekwa hospitali kwa vipimo kamili alikutwa na upungufu wa damu, si mkubwa. Alipewa vidonge vya madini ya chuma. Je, ni damu, ni baiskeli, ni jembe? Daktari alisema ni vyote kwa pamoja, na kwamba mwenye damu pungufu hubebeshwa mzigo ule ule kwa gharama kubwa zaidi. Tulipomuuliza anakula nini kabla ya safari alisema chai ya rangi. Anaondoka saa kumi na mbili, chakula cha kwanza ni saa nane. Siku hizi bajeti yetu ya ziara ina uji wa ulezi na karanga kabla ya kuondoka, na ni kifungu kidogo kuliko vyote katika mradi.

Kuhusu magoti sitasema mengi. Baiskeli moja ilitumiwa na watu watatu wa vimo vitatu, na kiti kilibaki chini kwa sababu spana ilipotea. Ukikaa na kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Nunueni spana.

Tulivyofanya baadaye

Alipumzika wiki mbili bila baiskeli kabisa. Akarudi kwa safari moja, kisha mbili, na ilikuwa mwezi Aprili alipojisikia kuwa ni yeye tena. Kamati iligawa zile njia upya: nyumba za mbali mashariki hutembelewa asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, Alhamisi hakuna anayeendesha, na wakati wa palizi ziara za baiskeli hupungua kwa nusu. Yule mzee aliyesema mama ni mvivu alimwomba radhi mbele ya kikao, na sasa ndiye anayetunza daftari.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi. Taarifa ya robo ya kwanza ya mwaka, wakati wa mvua na kilimo, itaonyesha nyumba chache kuliko robo ya tatu. Msiisome kama mradi umelegea. Tuliwahi kuongeza safari ili namba zipendeze, na mwaka ule tulipoteza miezi minne ya mhudumu mzuri. Mkiweza, ongezeni mhudumu wa tatu katika njia zenye wawili kabla ya kuongeza baiskeli ya tatu.

Maswali ya kujadili katika kamati: Ni nani katika usharika wetu ambaye kazi zake ziliongezeka mwezi uliopita kwa sababu mwenzake aliacha, na nani alimuuliza anajisikiaje? Mhudumu wetu hula nini na saa ngapi siku ya ziara? Je, siku ya mapumziko imeandikwa katika ratiba, au inategemea mvua? Majibu yaandikwe na kuletwa ofisini pamoja na madaftari ya mzigo wa wiki. Tutayapitia kabla ya kupanga njia za kiangazi.